Nani Ambebe Mtoto wa Eliamini

Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe. Leo sikuja na hadithi ya kuwalaza. Nimekuja na shauri, na kabla hatujatawanyika hapa nitawataka mlikate. Msije mkaniambia baadaye kwamba hamkunisikia.

Katika kijiji cha Vumbwe, huko juu kwenye milima ya Upare ambako ukungu huingia majumbani bila kupiga hodi, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Wa kwanza ni Navoneiwa. Huyu alikuwa na ulimi. Alifanya kazi ya ukunga kwenye zahanati miaka thelathini, na wanawake aliowazalisha walisema Navoneiwa hajawahi kumdanganya mtu kwamba mtoto yuko karibu kutoka kama bado yuko mbali. Alikuwa anasema lililopo. Wengi walimwogopa, lakini wakizidiwa walimwita yeye.

Wa pili ni Namkunda, ambaye wengi walimwita Mama Nakijwa kwa jina la binti yake wa pekee. Huyu alikuwa na neno. Akikuambia kesho nakuja, hata mvua ya mawe inyeshe, kesho utamwona mlangoni ameshika mwavuli wake. Akikataa, amekataa. Kijijini hapakuwa na mtu aliyekumbuka siku ambayo Namkunda alisema jambo kisha akaligeuza.

Wa tatu ni Mbazi. Huyu alikuwa na jina. Alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita Mbazi aje aseme, na akishasema, ugomvi umekwisha.

Ulimi, neno na jina. Yashikeni hayo, maana kila mmoja alikuja kutoa alichokuwa nacho kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ni Eliamini, mdogo wake Navoneiwa.

Eliamini alikuwa mlinzi wa ndiva. Kwa msiotoka Upare, ndiva ni bwawa la udongo na mawe lililojengwa juu ya mashamba. Maji ya kijito hujaa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwenye mifereji mpaka kwenye mahindi na tangawizi. Kazi ya mlinzi si kubwa, ila ina sharti moja. Mvua kubwa ikija lazima awepo, azibue tundu la chini ili maji yapungue. Asipokuwepo, maji hupanda mpaka yakavuka ukingo, na ukingo wa udongo ukishavukwa na maji, haukawii kumeguka.

Jumamosi moja ya masika kulikuwa na mechi kubwa ikionyeshwa kwenye kibanda cha televisheni kule senta. Eliamini alikuwa zamu. Asubuhi alimkuta Mbazi njiani.

"Ndugu yangu, nishikie zamu mpaka jioni," akamwambia.

"Nenda bwana," Mbazi akajibu. "Nikimaliza na kwaya napanda."

Eliamini akashuka mbio. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, timu zilikuwa sare. Akatoka nje kujinyoosha, akatazama mlimani, akaona wingu limekaa juu ya Vumbwe, jeusi kama chungu. Alilijua wingu la namna ile. Miguu yake ilikwisha kugeukia njia ya kupanda. Kisha akajiambia, Mbazi yupo. Akarudi ndani kutazama kipindi cha pili.

Mbazi hakuwepo. Alimaliza na kwaya, akapita nyumbani kula, akajilaza kidogo kungoja manyunyu yapite, usingizi ukamchukua.

Saa kumi ndiva ikapasuka. Maji yalishuka na korongo, yakang'oa migomba, yakabeba mbuzi wawili wa watu, na pale penye mawe ya kufulia yakamkuta Nakijwa, binti wa Namkunda, umri wake miaka kumi na mmoja, akisuuza sare zake za shule. Walimpata kesho yake bonde la chini.

Sitawaelezea mazishi. Aliyewahi kuzika mtoto anajua, na ambaye hajawahi, asijue.

Baraza la kijiji lilikaa. Eliamini akasimama, akasema alimwachia Mbazi zamu. Watu wakageuka kumtazama Mbazi. Na Mbazi, mwenye jina lake, akasema: "Aliniambia anakwenda senta. Zamu hakuniachia."

Hapo pakaisha. Nani angemwamini mtazama mpira akamwacha mwalimu wa kwaya? Eliamini alivuliwa ulinzi. Ndiva ilipojengwa upya, Mbazi akapewa uenyekiti wa kamati yake.

Siku ya saba baada ya maziko, Namkunda alikwenda nyumbani kwa Eliamini. Yunisi, mke wa Eliamini, alipomwona anapanda njia, alidhani amekuja kulaani. Akaita, "Mume wangu, toka." Eliamini akatoka. Namkunda alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Eliamini," akasema, "nimekusamehe. Nimeomba juma zima nipewe nguvu ya kulisema, leo nimepewa, kwa hiyo nalisema kabla haijaniishia. Kwa jina la Yesu, nimekusamehe."

Akageuka, akashuka.

Mngedhani mtu aliyepewa neno kama hilo angeruka kwa furaha. Eliamini alirudi ndani, akakaa kitandani, akajisikia ameiba. Maana Namkunda amemsamehe mtu aliyeacha zamu mikononi mwa mwenzake. Hajui habari za wingu. Hajui kwamba nililiona, nikalijua, nikarudi kutazama mpira. Amesamehe mtu mwingine, si mimi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Basi akaanza kujihukumu mwenyewe. Jumapili alikwenda kanisani, lakini hakuingia. Nje ya ukuta, upande wa dirisha, kulikuwa na mawe yaliyobaki tangu ujenzi. Alikaa pale juu ya mawe, akasikiliza ibada kupitia dirishani. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, aliinama mpaka watu wamalize. Mchungaji alimfuata mara nyingi. Alijibu, "Nitaingia, Mchungaji. Siku moja." Na kila alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, alipeleka mzigo wa kuni mlangoni kwa Namkunda, akautua, akaondoka bila kuonekana. Miaka minne. Juu ya hayo alikuwa na kinyongo na Mbazi. Kila alipomsikia akiongoza kwaya mle ndani, kwa sauti ile nzuri, aliuma meno. Hivyo alibeba mizigo miwili, hatia yake na uongo wa mwenzake, na mara nyingine hakujua ni upi ulio mzito zaidi.

Mwaka wa nne Yunisi akajifungua mtoto wa kiume. Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Navoneiwa, aliyekuwa amehamia kijiji cha mbali baada ya kustaafu, alifunga safari kutoka kwake, akaja kumlea mzazi. Akapika uji, akamkanda Yunisi kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa ya mkunga, siku ya tatu aligundua jambo. Eliamini alikuwa anakata kuni, anachota maji, anaulizia afya ya mtoto kila saa. Lakini hakumgusa. Akipewa amshike, ana mikono michafu. Akiwa amenawa, ana mafua. Wiki ikapita, wiki ya pili, mwezi.

Siku moja mchana Yunisi alikuwa analia jikoni, kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye maharage. Navoneiwa alipomuuliza, alisema, "Wifi, anaogopa kumshika mwanawe. Aliniambia mikono iliyomuua mtoto wa mtu haistahili kubeba wa kwake."

Navoneiwa alifuta mikono kwa kanga, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba alikokuwa Eliamini akipasua kuni.

"Weka shoka chini," akasema.

Eliamini akaliweka.

"Nimesikia unavyojiadhibu. Nimesikia habari za mawe, na kuni, na sasa mtoto. Watu wanakuonea huruma, wanasema Eliamini ana toba ya kweli. Mimi nitakuambia ninachokiona. Unaringa."

"Dada!"

"Unaringa. Wezi wanaingia kanisani wanapokea Meza ya Bwana. Yule aliyempiga mkewe mpaka akamvunja mkono ametubu, anapokea. Yesu aliwafia wote hao. Akafika kwako akashindwa? Dhambi yako ni kubwa kuliko msalaba? Wewe ni nani hata uwe peke yako uliyemshinda Mungu?"

"Umejifanya hakimu na mfungwa na askari magereza, wote wewe. Na humo gerezani umemfunga Yunisi, na sasa mtoto wa siku arobaini. Wao wamekosa nini?" Hapo sauti ya Navoneiwa ilipungua. "Mimi nilikubeba mgongoni, Eliamini. Ninakujua. Kuna kitu unakificha. Mtu hakai juu ya mawe miaka minne kwa jambo ambalo watu wote wanalijua."

Mdogo wake akakaa chini palepale kwenye vibanzi vya kuni, akamweleza habari za wingu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa kinywa chake.

Navoneiwa hakumfariji. Alisema tu, "Sasa kamwambie anayehusika. Usipokwenda leo hutakwenda tena."

Eliamini akaenda. Alimkuta Namkunda shambani, anapalilia tangawizi. Hakusubiri hata kusalimia vizuri. Akamwambia yote: mapumziko, wingu, miguu iliyogeuka, kipindi cha pili. Akamwambia, "Ulinisamehe hujui, Mama. Ndiyo maana sikuwahi kuupokea msamaha wako. Sasa unajua. Ukiurudisha, ni haki yako."

Jembe la Namkunda lilisimama hewani, kisha likashuka polepole. Kisha akasema, "Ondoka shambani kwangu."

Eliamini akaondoka.

Siku mbili mlango wa Namkunda haukufunguliwa. Jirani walisikia akisema peke yake mle ndani, mara analia, mara anagombana na mtu, na hawakuwa na uhakika kama mtu huyo ni Eliamini au ni Mungu. Msifikiri kwa sababu alikuwa mtu wa neno basi neno lile lilikuwa rahisi. Mara ya kwanza alisamehe ajali. Safari hii alitakiwa asamehe dakika arobaini na tano za mpira.

Siku ya tatu, alfajiri, Eliamini alipofika na mzigo wake wa kuni, alimkuta Namkunda ameketi kizingitini, anamngoja.

"Zirudishe," akasema.

Eliamini akasimama na mzigo kichwani.

"Miaka minne nimevumilia kuni zako. Unajua zinanifanyia nini? Kila asubuhi nikifungua mlango, Nakijwa wangu anakufa upya hapa mlangoni. Wewe ulidhani unanilipa. Nani alikuambia nauza? Nilikaa siku mbili nikitafuta njia ya kulirudisha neno langu. Sikufichi, nilitaka kulirudisha. Nikajiuliza, siku ile nilisamehe nini? Wingu? Mpira? Sikuyajua hayo, wala sikukuuliza. Nilikusamehe wewe. Na wewe ndiye huyu amesimama hapa na wingu lako. Basi neno langu liko palepale. Nenda kwa mkeo. Na zile kuni, usiniletee tena hata kijiti."

Eliamini alitua mzigo njiani, akakaa kando yake, akalia kama mtu aliyetolewa mwiba uliokaa sana.

Nyumbani alinawa mikono, mara mbili, mara tatu, akasimama mbele ya Yunisi. Lakini alipomnyooshea mikono mtoto, kengele ya kanisa ikalia kuita kwaya mazoezini, na papo hapo akili yake ikamwona Mbazi. Mikono ikarudi chini. Akagundua kwamba bado. Amesamehewa, ndiyo. Lakini kifuani mna mtu ambaye yeye hajamwachilia.

Habari za Upare hazikai. Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilijua kwamba Eliamini amejishtaki mwenyewe kwa jambo ambalo hakuna binadamu angeligundua. Walioshangaa walishangaa. Mmoja hakupata usingizi wala chakula, naye ni Mbazi. Miaka minne alijiambia kwamba Eliamini ana kosa lake, ameadhibiwa kwa kosa lake, kidogo kilichozidi si kitu. Sasa mwenye kosa amefunua hata lile lisilojulikana, na yeye amekaa juu ya lile linalojulikana na watu wawili.

Jumapili Eliamini alikwenda kanisani. Alifika mpaka mlangoni safari hii, amevaa koti lake la harusi, Yunisi nyuma yake na mtoto mgongoni. Na mlangoni, akipokea watu kwa zamu ya wazee wa kanisa, alisimama Mbazi. Mbazi akanyoosha mkono. Eliamini akautazama ule mkono. Kisha akapinda pembeni, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote, juu ya mawe.

Ibada ikaenda. Ulipofika wakati wa matangazo, Mbazi alipanda mbele, na watu walidhani anatangaza mazoezi ya kwaya. Akavua mkanda wa begani ambao wazee wa kanisa huvaa wakiwa zamu, akaukunja, akauweka kwenye kiti cha mbele.

"Siku ile Eliamini aliniachia zamu," akasema. "Nilikubali. Nilikwenda nyumbani nikala nikalala. Mtoto alikufa nimelala. Kwenye baraza nilisema uongo, na mmenipa uenyekiti kwa uongo huo. Mama Nakijwa, sijui nikuambie nini. Eliamini, unanisikia huko dirishani. Nilikuona kila Jumapili. Nilikuwa naongoza kwaya nikikuona."

Mnaweza kufikiri kelele zilizotokea. Wanakwaya walilia. Vijana wawili walisimama wakitaka kumtoa nje kwa nguvu. Mchungaji akapaza sauti wakae. Mbazi hakungoja kutolewa. Alishuka, akapita katikati ya viti, watu wakivuta nguo zao asiwaguse, akatoka nje, akazunguka ukuta. Akamkuta Eliamini amesimama. Mbazi akampita, akaenda akaketi juu ya yale mawe.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Eliamini alipomwona pale, kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha. Kaa hapo, alisema moyoni. Kaa miaka minne. Sikia wenzako wakiimba. Alitaka hasa iwe hivyo. Jina lake limesafishwa, mwongo ameaibika, na sasa alikuwa na kila sababu ya kuingia kanisani kifua mbele na kumwacha mwenzake nje.

Akapiga hatua tatu kwenda mlangoni. Ndipo akakumbuka Namkunda kizingitini, na swali lake: nilisamehe nini? Akasimama. Kama yule mama alimsamehe mtu pamoja na wingu lake, basi na huyu naye amekuja pamoja na usingizi wake na uongo wake. Hakuna njia ya kupokea msamaha ule na kumnyima huyu.

Akarudi.

"Ondoka hapo, Mbazi," akasema. Sauti ilikuwa kali, maana hakuwa na nyingine. "Nimekaa hapo. Nakuambia, hapo si pa mtu kukaa."

"Niache," Mbazi akasema. "Nastahili."

"Unastahili. Na mimi nilistahili. Inuka twende, Meza inaandaliwa."

Mbazi hakuinuka. Ilibidi Eliamini amshike mkono, ule mkono aliokataa asubuhi, na kumvuta. Wakaingia wote wawili, wakatembea mpaka mbele, wakapiga magoti. Namkunda alikuwa amekwisha kupiga magoti pale. Hakugeuza uso. Alisogea tu, akawapa nafasi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Navoneiwa, aliyekuwa kiti cha nyuma, alisema baadaye kwamba ametazama watoto wengi wakizaliwa lakini siku ile aliona watu wazima wakizaliwa.

Walipotoka nje, Eliamini alimfungua mwanawe mgongoni mwa Yunisi, akambeba. Alimbeba mpaka nyumbani, njia nzima ya kupanda, na mtu yeyote aliyejitolea kumpokea alikataliwa.

Mngetaka niishie hapo. Lakini shauri lenyewe ndio linaanza.

Desturi ya kanisa la Vumbwe ni kwamba siku ya ubatizo baba humkabidhi mtoto kwa mtu mmoja. Huyo ndiye humbeba kutoka mlangoni mpaka kwenye maji, na tangu siku hiyo ni mzazi wake wa pili mpaka kufa. Mmoja tu. Na Eliamini alitaka kumpa heshima hiyo yule aliyemtoa kwenye mawe.

Lakini ni nani aliyemtoa?

Wanawake wa kijiji walisema ni Navoneiwa. Namkunda alisamehe tangu siku ya saba, wakasema, na msamaha ukakaa miaka minne bila kuguswa, kama chakula kilichofunikwa. Ni ulimi wa Navoneiwa uliofunua. Angekuja na maneno ya kubembeleza, Eliamini angekuwa nje mpaka leo. Navoneiwa alipoulizwa akasema, "Mimi ni shangazi, damu yangu inatosha. Lakini asinipe kwa sababu ya damu. Kama ananipa, anipe kwa sababu nilimwambia ukweli akauchukia, kisha akaufuata."

Wazee wa kanisa walisema ni Namkunda. Ukweli wa Navoneiwa ungemfikisha wapi, wakauliza, kama mlango aliotumwa kubisha usingefunguliwa? Aliyepoteza zaidi ndiye aliyetoa zaidi, tena mara mbili. Isitoshe, mikono ile haijabeba mtoto miaka minne. Lakini Namkunda mwenyewe alimwita Eliamini kando. "Nakuonya," akamwambia. "Ukinipa mtoto huyu kama fidia ya Nakijwa, sitampokea, nitamwacha mikononi mwako mbele ya watu. Nilikwambia siuzi. Ukinipa kwa furaha tu, nitambeba, na sitamshusha."

Wa tatu hakuwa na mtu wa kumtetea ila mmoja, naye ni Yunisi, ambaye miaka yote minne hakuna aliyemuuliza anafikiri nini. "Mimi ningempa Mbazi," akasema. "Navoneiwa na Mama Nakijwa walitoa walichobaki nacho baada ya kutoa. Ulimi wa wifi bado ni mkali, neno la Mama bado ni neno. Mbazi alikuwa na jina, akalitoa, akabaki hana. Asingesema, mume wangu angeingia kanisani na chuki kifuani, na hiyo si kuingia. Na siku Mbazi atakapombeba mtoto huyu, hakuna atakayemnyooshea kidole tena." Watu waliguna. Mwongo apewe mtoto, baada ya mtoto aliyekufa yeye amelala? Mbazi aliposikia alisema, "Asinipe. Mikono yangu haistahili." Eliamini aliyajua maneno hayo. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Kwaya ilianza kuimba bila Mbazi kuongoza. Mchungaji alisimama kando ya maji ya ubatizo, kitabu mkononi. Eliamini alikuwa mlangoni na mtoto aliyevikwa nyeupe, na mbele yake, bega kwa bega, walisimama watatu: dada yake, akimtazama machoni bila kupepesa, Namkunda, mikono ameifumbata chini ya kanga kama anayeizuia, na Mbazi, hatua moja nyuma ya wenzake, ameinamisha kichwa.

Mtoto akapiga chafya. Watu wakacheka kidogo. Eliamini akanyoosha mikono.

Waliokuwepo waliona alikoinyoosha. Ninyi hamkuwepo, na hiyo ndiyo sababu nimewajia. Mmoja alimwambia ukweli, mmoja alimsamehe pamoja na ukweli huo, na mmoja alimpa wa kumsamehe. Ukimwondoa yeyote kati yao, Eliamini yuko nje dirishani.

Haya, mtoto huyu hapa, yuko mikononi mwako sasa, na kwaya inakaribia ubeti wa mwisho. Wewe ungemkabidhi nani?